Uwiano wa Bei na Faida

Tuseme shamba la michikichi karibu na Rumonge linauzwa faranga milioni 6. Kwa mwaka linatoa mawese ya milioni 2, lakini mwenye shamba akishawalipa wakwezi na wakamuaji, akanunua madumu na kulipia gari la Bujumbura, mkononi inabaki nusu milioni. Mnunuzi makini hagawanyi 6 kwa 2. Anagawanya kwa nusu milioni na kupata 12, yaani miaka 12 ya kurudisha fedha yake, mavuno yasipobadilika.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo hupima hisa. Kwa Kiswahili mara nyingi huitwa "uwiano wa bei na mapato", na hapo msomaji anapotezwa. Mapato ni ile milioni 2. Bei ya hisa hugawanywa kwa faida, iliyobaki baada ya gharama na kodi. Kampuni ya teknolojia inaweza kuuza sana huku ikila hasara, kwa hiyo jina sahihi ni uwiano wa bei na faida.

Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, inaonyesha hesabu hii vizuri. Agosti 2021 hisa yake Nairobi ilifika shilingi 44 hivi, na faida kwa kila hisa katika mwaka ulioishia Machi ilikuwa shilingi 1.71: uwiano wa karibu 26. Mwishoni mwa 2023 bei ilikuwa chini ya 15, faida ikiwa 1.55. Uwiano haukufika hata 10! Faida ilishuka kidogo tu, bei ikaanguka kwa theluthi mbili. Wawekezaji wa nje walikuwa wakiuza, riba za dhamana za serikali zilikuwa zimepanda, na kuingia Ethiopia kulikuwa kunameza fedha nyingi.

Ushindani nao una uzito wake katika faida. Lumitel, ya kampuni ya Viettel kutoka Vietnam, iliingia Burundi mwaka 2015, na leo huduma yake ya fedha kwa simu, Lumicash, inagombea wateja na mwenzake EcoCash. Muuza ndagala mwaloni mwenye laini mbili hupokea malipo kwa ile yenye makato nafuu. Mtandao ukisumbua, anahamia nyingine papo hapo. Hisa za Viettel Global, tawi la Viettel la biashara za nje, zinauzwa Hanoi tangu 2018, hivyo chaguo lake, dogo namna gani, linaingia katika faida inayopimwa huko.

Kwa sababu faida inaweza kubadilika hivyo, wachambuzi hukokotoa pia uwiano wa bei na faida tarajiwa. Hayo ni makisio, na anayeyasoma anapaswa kuuliza kwanza ni wateja wangapi tayari wana laini ya pili.