Mahindi yalivuka bahari, chokaa ikabaki

Katika majiko ya vijijini kusini mwa Mexico, tortilla ya kesho huanza kupikwa leo usiku. Mahindi makavu hutiwa kwenye sufuria ya maji, kisha ndani yake huongezwa chokaa. Naam, chokaa: ile ile wanayopaka watafuna tambuu wa Mombasa na Unguja juu ya jani, na ambayo babu zao walijengea nyumba za mawe. Sufuria huchemka, huepuliwa, mahindi yakalala humo hadi alfajiri. Asubuhi ukiyafikicha kwa vidole, maganda yanabanduka yenyewe. Yakishaoshwa husagwa yakiwa bado na maji, ukatoka unga uliokwisha kuwa kinyunya, unaoshikamana na kukubali kutandazwa mwembamba juu ya chuma cha moto. Asiyeona ajabu yake na ajaribu kusukuma chapati ya sembe.

Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl lenye mzizi wa neno la majivu, kwa kuwa majivu nayo hufanya kazi hiyo. Upishi huu una miaka zaidi ya 3,000. Muhindi wenyewe ni mkongwe zaidi: imepita miaka 9,000 hivi tangu wakulima wa Mexico waanze kuutoa kwenye nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, ambayo suke lake halizidi kidole.

Wapishi wa kale hawakujua habari za vitamini. Lakini ndani ya punje mna niasini, yaani vitamini B3, na sehemu yake kubwa imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua.

Mwaka 1492 watu wa Columbus waliuona muhindi, na muda si mrefu ukawa safarini. Kila ulipotua ulipewa jina la kigeni, na jina lenyewe mara nyingi lilikosea. Waitalia waliuita nafaka ya Kituruki. Waethiopia waliuita mtama wa baharini. Sisi wa pwani tukausingizia Uhindi, na jina likaganda. Wamalawi wanasema chimanga, neno linaloelekeza kidole kwetu, pwani.

Mbegu ilisafiri, mpishi hakusafiri. Ulaya ilikuwa na vinu vya maji na vya upepo vya kusagia ngano, basi muhindi nao ukatupiwa humo humo, mkavu, bila chokaa. Kwa aliyekuwa na nyama na maziwa hapakuwa na tatizo. Fukara ndiye aliyelipa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, huko Asturias, Hispania, aliwaona wakulima wenye ngozi nyekundu iliyochubuka, imewazunguka shingo kama mkufu. Walikuwa wakiishi kwa mahindi. Kaskazini mwa Italia, kwenye walaji wa polenta, ambayo ni binamu wa ugali wetu, maradhi hayo yalipewa jina la pelagra, ngozi chungu. Huanza na ngozi, huhamia tumboni, hupanda kichwani, kisha huua.

Kisa chake kikubwa kilitokea Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, majimbo ya kusini yalijaa wagonjwa, maskini waliokula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa mwaka mzima. Viwanda vilikuwa vimeanza kuondoa kiini cha punje ili unga udumu dukani, na niasini kidogo iliyokuwamo ikapungua. Madaktari wengi walishikilia kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger, na yeye akaona jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliona: katika hospitali za wendawazimu na nyumba za yatima, wagonjwa waliugua, wauguzi hawakuugua. Kirusi gani kinachomkwepa mwenye mshahara?

Mwaka 1915, katika gereza la Rankin huko Mississippi, alikubaliana na wafungwa waliojitolea kwamba wale chakula cha maskini, nao wasamehewe vifungo vyao. Baada ya miezi, kadhaa wao walitoka pelagra. Wapinzani hawakunyamaza. Ndipo Goldberger na wenzake walipojidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vilivyotiwa magaga ya ngozi yao na hata choo chao. Mkewe, Mary, naye alidungwa damu. Hakuna aliyeugua. Goldberger alifariki mwaka 1929 kabla ya kujua kilichokosekana ni nini. Mwanasayansi Conrad Elvehjem ndiye aliyekitambua, mwaka 1937: ni niasini.

Na sisi je? Tulikuwa na ugali wa mtama, uwele na ulezi kabla ya muhindi, ambao ulitawala sufuria polepole, ukisukumwa na mashamba ya walowezi na mgao wa vibarua. Ndiyo maana Uganda hadi leo ugali unaitwa posho. Chokaa ilikuwamo nyumbani, kwenye kuta na kwenye sahani ya tambuu, lakini haikuingia chunguni. Kilichotuokoa, kwa maoni yangu, ni kitoweo: maharage, kunde, dagaa, karanga. Kande ni mahindi na maharage katika chungu kimoja, na aliyeibuni hakungoja cheti cha daktari.

Kitoweo kikiondoka, mambo huonekana. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, karanga zilikatika kwenye mgao. Unga wa mahindi uliendelea kuja kama kawaida. Wagonjwa wa pelagra walifika takriban 18,000, karibu miaka 53 baada ya Elvehjem, katika nchi inayolima karanga.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe virutubisho. Ukigeuza pakiti na kusoma herufi ndogo, niasini imo kwenye orodha.