Jenerali Aliyengoja

Tarehe 13 Septemba 1862, askari wa Kaskazini waliokuwa wakipumzika karibu na mji wa Frederick, jimbo la Maryland, waliokota bahasha majanini. Ndani mlikuwa na sigara tatu zilizofungwa kwa karatasi. Hiyo karatasi ndiyo ilikuwa mali: amri ya Jenerali Robert E. Lee wa Kusini, inaeleza jeshi lake limegawanywa vipi na kila kipande kinakwenda wapi. Nina miaka zaidi ya kumi katika uandishi wa habari na sijawahi kuletewa waraka mtamu kama huo.

Aliyepelekewa ni George McClellan, kamanda wa Kaskazini. Akafurahi kweli kweli. Halafu akangoja. Vikosi vyake vingi havikuondoka mpaka kesho yake asubuhi, na Lee akapata nafasi ya kuanza kukusanya watu wake nyuma ya kijito cha Antietam.

Tarehe 17 wakapambana. McClellan alikuwa na askari karibu mara mbili ya Lee, ila kichwani mwake hesabu ilikuwa kinyume: aliamini Lee ndiye mwenye jeshi kubwa. Basi akapigana kama tajiri anayeogopa kufilisika. Asubuhi akapeleka watu upande wa kulia, kwenye shamba la mahindi. Hao walipochoka, mapigano yakahamia katikati, kwenye barabara iliyochimbika kama mtaro, ikajaa maiti. Mchana ndipo wa kushoto wakavuka daraja. Kila mara Lee aliwahi kuhamisha watu kuziba pengo. Wa kushoto walipokaribia kumkatia njia ya kurudi, mnamo saa 10 alasiri, kikosi cha A. P. Hill kikafika kutoka Harpers Ferry, kimetembea maili 17, kikawarudisha nyuma. Muda wote huo maelfu ya askari wa akiba wa McClellan walikaa tu, hawajafyatua risasi. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo, pande zote mbili, walikuwa karibu 23,000. Kesho yake hakushambulia. Usiku Lee akavuka mto Potomac, akaenda zake.

Wengi humwita mwoga. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Julai mwaka huohuo alikuwa amempa Rais Lincoln barua akimtaka asiguse utumwa. Alitaka vita viishe, nchi irudi ilivyokuwa, watumwa wakiwemo.

Hapo ndipo habari hii inaponishika. Lincoln alikuwa na tangazo la kuwaachia huru watumwa tangu Julai. Alishauriwa asubiri ushindi, lisije likaonekana kama kilio cha mtu anayezama. Antietam ikampa ushindi, nusu tu, lakini ulitosha. Tarehe 22 Septemba akatangaza: ifikapo 1 Januari 1863, watumwa katika majimbo yatakayokuwa bado yanaasi watakuwa huru. Sasa jiulize: McClellan angeingiza wale wa akiba akalimaliza jeshi la Lee, huenda Kusini ingesalimu amri mapema na utumwa ungebaki. Angeshindwa, tangazo lingebaki kabatini. Alishinda kwa kipimo kilekile kilichohitajika kuuvunja utumwa, yeye asiyetaka uguswe. Sisemi hivyo kumsafisha. Vita viliendelea hadi 1865, na makaburi ya miaka hiyo hayahesabiki kirahisi.

Novemba Lincoln akamwondoa. Mwaka 1864 McClellan akagombea urais dhidi yake. Wale askari aliokuwa akiwaonea huruma, wengi wao walimpigia kura Lincoln.