MTV Bila Muziki, History Bila Historia

Wasee, tuongee kuhusu TV kidogo. Najua wengi wetu hatuna haja nayo tena, bando ya simu inatosha. Lakini kuna chaneli mbili za kulipia ambazo historia yao inatuhusu sana sisi tunaokaa mtandaoni, na hakuna mtu hutuelezea vizuri. Moja ni MTV, ambayo M yake ni ya muziki. Nyingine ni History. Leo ukifungua ya kwanza unaweza kukaa siku nzima bila kusikia wimbo, na ukifungua ya pili utapata mtu anakuambia ati viumbe kutoka anga za juu ndio walijenga Misri. Tulifikaje hapa?

Tuanze na MTV. Ilianza Marekani, Agosti 1, 1981, saa sita na dakika moja usiku. Vidio ya kwanza ilikuwa "Video Killed the Radio Star" ya kundi la Uingereza, Buggles. Biashara yenyewe ilikuwa ya akili sana. Kampuni za rekodi zilitoa vidio bure ili wasanii wao waonekane, chaneli ikacheza vidio hizo na kuuza matangazo katikati. Yaani vipindi vilikuja bila gharama.

Isidhaniwe kwamba enzi hizo zilikuwa safi. Miaka ya mwanzo MTV ilicheza wasanii Weusi wachache sana. Mwaka wa 1983 David Bowie, mzungu kutoka London, alikuwa anahojiwa na mtangazaji wao Mark Goodman, akamgeuzia maswali hapo hapo: mbona Weusi hawaonekani hapa? Mwaka huo huo "Billie Jean" ya Michael Jackson iliingia kwa nguvu na mlango ukaanza kufunguka. Mwaka wa 1988 kikaja kipindi cha Yo! MTV Raps, na kijana aliyekuwa mbali kabisa na New York akaanza kuona hip hop inavaa nini, inatembea vipi na inaongea vipi. Halafu kulikuwa na mtu wa kukuambia huyu msanii ni nani, ametoka wapi, na wimbo huu umetoka wapi. Hiyo kazi ya kutambulisha iwekeni akilini, nitairudia.

Mambo yalianza kugeuka 1992 na The Real World. Vijana saba waliwekwa nyumba moja New York, kamera zikawashwa, wakaachwa wakosane. Hesabu ya wenye chaneli ilikuwa hivi: wimbo ni dakika tatu au nne. Usipoupenda, unabonyeza rimoti na umeenda. Lakini ugomvi wa watu wanaoishi pamoja unakushika nusu saa nzima, na matangazo unayatazama kwa sababu unataka kujua nani atahama. Tena vidio ni mali ya kampuni ya rekodi, lakini kipindi kama hicho ni mali ya chaneli, inaweza kukirudia na kukiuza inavyotaka. Sasa ukiwa mfanyabiashara, utachagua nini?

Halafu 2005 YouTube ikaja na ikaua ile sababu ya kungoja wimbo wako uchezwe. Mwaka wa 2010 MTV iliondoa maneno ya "Music Television" kwenye nembo yake. Na kuna wiki moja ya 2020 iliyojadiliwa sana: kati ya saa 168 za wiki, saa 113 zilikuwa za kipindi kimoja tu, Ridiculousness. Hicho ni kipindi cha kuchekea vidio za mtandaoni za watu wakianguka na kugongana. Chaneli iliyofundisha dunia nzima kutazama muziki ikawa inaokota makombo ya intaneti.

Chaneli ya History ilipitia njia hiyo hiyo. Ilianza Januari 1, 1995 na filamu za kumbukumbu, hasa za Vita vya Pili vya Dunia. Zilikuwa nyingi hadi watu wakaitania kuwa chaneli ya Hitler. Lakini angalau ilikuwa historia. Mwaka wa 2007 ikaleta Ice Road Truckers, madereva wa malori kwenye barabara za barafu. Mwaka wa 2009 ikaja Pawn Stars, duka la Las Vegas ambapo watu hupeleka vitu vya zamani wapate pesa. Sina ubaya sana na hilo duka, maana kila kitu kikiwekwa mezani unaambiwa kilitoka wapi.

Ancient Aliens ndiyo hunipandisha hasira. Iliingia kama mfululizo mwaka wa 2010, na mtindo wake ni kuuliza badala ya kusema. Je, inawezekana piramidi zilijengwa na wageni kutoka anga za juu? Swali halina hatia mahakamani. Lakini ukiulizwa swali moja kila wiki kwa miaka mingi, mwishowe unalala na jibu.

Na jibu la kweli lipo. Tangu 1990 wanaakiolojia wamekuwa wakichimba makaburi ya wafanyakazi pale Giza, karibu kabisa na piramidi walizojenga. Mwaka wa 2013, huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu, zikapatikana mafunjo zilizoandikwa enzi za Farao Khufu. Kati yake kuna daftari la kazi la msimamizi mmojawapo, jina lake Merer. Ameandika jinsi yeye na watu wake walivyokuwa wakibeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Ni karatasi ya kazini, bana! Mtu anahesabu safari zake kama kondakta anavyohesabu trip. Hiyo kwangu inasisimua kuliko kiumbe yeyote wa kijani.

Uongo wa "hawa hawangeweza" una babu yake, na babu huyo aliishi Afrika. Wakoloni wa Rhodesia walikaa miaka wakidai Great Zimbabwe ilijengwa na wageni, yeyote yule bora asiwe Mwafrika. David Randall-MacIver alichimba 1905 akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akarudia uchunguzi 1929 na kuthibitisha hivyo. Bado serikali ya walowezi haikutaka kusikia.

Hapa kwetu je? Miji ya mawe ya Pwani, kama Gedi pale karibu na Watamu, kwa muda mrefu ilielezwa kama kazi ya watu waliokuja na meli. Kisha Mark Horton akachimba Shanga, kisiwa cha Pate, na kupata mji uliokua hatua kwa hatua kuanzia karne ya 8. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti ya zamani zaidi, ya miti na udongo. Wafanyabiashara wa ng'ambo walikuja, ndiyo, na dini ikaja. Lakini mji uliota hapa hapa, ukajengwa na watu wa hapa. Kwa hivyo mtu akikuchekesha na story za wageni wa anga, jua anaimba wimbo wa zamani kwa mdundo mpya.

Ndiyo maana sioni hii kama story ya Wamarekani peke yao. MTV Base ilianza Afrika Februari 2005, na kwa wasanii wetu ilikuwa mlango mkubwa. Wahu alishinda tuzo ya msanii bora wa kike kwenye MAMA za kwanza kabisa, 2008. Mwaka uliofuata tuzo hizo zikaletwa Nairobi, na Amani akaibeba hiyo hiyo. Sehemu ya kumbukumbu zetu iliwekwa kwenye kabati la kampuni ya mbali. Na mwenye kabati ana ufunguo. Juni 2024 tovuti ya MTV News iliondolewa mtandaoni pamoja na habari na mahojiano ya muziki ya zaidi ya miaka 20. Waandishi waliamka wakakuta kazi zao hazifunguki.

Sasa kuna watu watasema, si basi tuna YouTube na TikTok? Ni kweli, na mimi silii. Dishi lilikuwa la wenye pesa, na nyumba nyingi mtaani hazikuwahi kuiona MTV. Leo mtu wa Kayole au Kisauni anaweza kusikiliza somo zima la Shanga kwa simu. Lakini angalieni vizuri: programu za simu zinafanya hesabu ile ile ya 1992. Mtu ametazama dakika ngapi? Natengeneza vidio, kwa hivyo hizo namba naziona kila siku. Hakuna safu inayoonyesha kama ulichosema ni kweli. Chaneli zile zilichukua miaka mingi kuacha kazi yao. Sisi tunaweza kuiacha kwa wiki moja tu, kwa kufuata namba.

Kwa hivyo ile kazi ya kutambulisha ni yetu sasa, na si ngumu. Ukiposti wimbo wa kitambo, andika mwaka, aliyeimba, na aliyetengeneza mdundo. Ukiposti picha ya magofu, sema ni wapi na nani alichimba. Ukiulizwa umejuaje, jibu. Weka nakala kwako pia, usitegemee programu moja. Na kama uko Pwani, nenda Gedi utembee kati ya zile kuta. Kuna visima, kuna vyoo, kuna vyumba vya kulala. Watu waliishi hapo.