Ziara za masomo ng'ambo: Jinsi mwalimu wa Kericho na Bomet anavyoweza kuzigeuza alama za kikazi

MWALIMU wa Jiografia katika shule ya upili iliyozungukwa na mashamba ya chai ya Kericho hufundisha, mwaka baada ya mwaka, jinsi Waholanzi walivyoyaondoa maji ya bahari wakapata ardhi ya kulima. Hufundisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Denmark, utalii wa Uswisi, kahawa ya Brazil na misitu ya Kanada. Hayo yote yamo katika silabasi ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne umepangiwa mwaka wa 2027. Aghalabu mwalimu huyo mwenyewe hajavuka hata mpaka wa Busia.

Kwa upande mwingine, walimu wa kigeni hufika humu nchini wakati wa likizo zao za Juni hadi Agosti, wakatembezwa mashambani na viwandani, wakaketi madarasani na kupiga picha. Wengi wao wakirejea makwao, safari hiyo huingizwa katika rekodi zao za kikazi kuwa saa halali za mafunzo.

Mwalimu mwenyeji aliyewapokea, akawatafsiria na kuwapangia vipindi kwa wiki nzima, hubaki na kumbukumbu na pengine kalamu za zawadi. Hakuna karatasi. Na katika kazi ya ualimu ya leo, lisilo na karatasi ni kama halikutendeka.

Sheria inasemaje

Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 35, inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa kushiriki programu za kujiendeleza kitaaluma kama tume itakavyoagiza. Kwa miaka kadhaa agizo hilo lilibaki katika vitabu tu. Mwaka wa 2016 ukaja mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, maarufu kama TPAD, ambao uliwataka walimu waonyeshe, pamoja na mambo mengine, wanavyojiendeleza.

Septemba 2021, TSC ilizindua programu yenyewe ya mafunzo ya walimu kazini, TPD. Taasisi nne zilipewa idhini ya kuyatoa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na Taasisi ya Usimamizi wa Elimu Kenya, KEMI. Mpango ulikuwa na moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, na ada iliyotangazwa ilikuwa Sh6,000 kwa mwaka. Anayepiga hesabu ataona kwamba hiyo ni miaka 30 na Sh180,000 kutoka mfukoni mwa mwalimu.

Haikushangaza basi kwamba walimu wengi walilalamika, na suala la nani alipe likaingia hata katika kampeni za uchaguzi mkuu wa 2022. Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia ni moja: mpango huo ulijengwa juu ya moduli zinazofundishwa na taasisi zilizoidhinishwa. Safari ya ng'ambo, hata iwe ya manufaa kiasi gani, haichukui nafasi ya moduli kwa sababu tu mwalimu amepanda ndege.

Inachoweza kufanya safari ni mambo mengine matatu. Inaweza kuwa sehemu ya kozi ya chuo kikuu inayotambuliwa, na hapo alama zikatolewa na chuo. Inaweza kuingizwa katika TPAD kama ushahidi wa kujiendeleza, iwapo ina vielelezo. Na inaweza kuongeza uzito katika faili ya mwalimu anapokwenda kuhojiwa kwa ajili ya kupandishwa cheo. Mwalimu anayeahidiwa zaidi ya hayo na wakala wa safari ana haki ya kuuliza maswali.

Wenzetu hufanyaje

Nchini Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Huko New York, walimu wenye vyeti vya kitaaluma hutakiwa kukamilisha saa 100 za mafunzo kila baada ya miaka mitano. Massachusetts hudai alama 150 katika kipindi kama hicho ili leseni ihuishwe. Ndiyo maana kampuni za safari za huko hushirikiana na vyuo vikuu: mwalimu hulipia safari, kisha huongeza ada kidogo ya chuo, husoma vitabu alivyoagizwa, huandika insha au andalio la somo, na mwishowe hupata alama.

Hapa ndipo penye siri yote, na msomaji asiipite haraka. Alama hazitolewi kwa kuona twiga au kunywa chai kwenye hoteli ya Kericho. Hutolewa kwa kazi iliyoandikwa na kusahihishwa, na safari ni maabara tu ya kazi hiyo. Chini ya mpango wa Fulbright-Hays, uliotokana na sheria ya mwaka wa 1961, makundi ya walimu wa Marekani yaliyofadhiliwa kuzuru nchi za nje yalitarajiwa kurudi na vifaa vya kufundishia ambavyo wenzao wangeweza kuvitumia.

Uingereza nayo iliwahi kufadhili ziara za kubadilishana kati ya shule zake na za nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, kupitia mpango wa Global School Partnerships uliokoma mwaka wa 2012. Uzuri wa mpango huo ulikuwa kwamba mwalimu wa Kiafrika naye alisafiri, si kupokea wageni tu.

Mfano wa SMASSE

Kenya yenyewe ina mfano mzuri kuliko hiyo yote. Mwaka wa 1998, serikali na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili, SMASSE. Ulianza na wilaya tisa za majaribio. Kericho na Bomet hazikuwamo. Zilifikiwa baada ya mradi kupanuliwa kote nchini kuanzia 2003.

Wakufunzi wa mradi walipelekwa Japani kujifunza, kisha wakarudi kuwafunza walimu wa wilayani wakati wa likizo. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kikawa makao ya kazi hiyo, na baadaye Kenya ikageuka mwenyeji wa walimu wa sayansi kutoka nchi nyingine za Afrika. Mtu mmoja alipanda ndege na mamia wakafaidi ujuzi wake bila kutoka wilayani mwao. Walimu waliohudhuria watakumbuka namna walivyohimizwa kubuni vifaa kwa chupa, mishumaa na nyuzi badala ya kungojea maabara ya kisasa.

Wengine walilalamikia likizo zao kuliwa, na sehemu ya gharama ilitoka katika karo ya wanafunzi. Lakini safari ya ng'ambo iliyopangwa namna hiyo huacha kitu shuleni.

Nafasi zilizopo

Ubalozi wa Japani nchini hutangaza ufadhili wa masomo wa serikali ya nchi hiyo. Miongoni mwa aina za ufadhili huo kuna ule wa mafunzo ya walimu, unaochukua takriban mwaka mmoja na nusu, pamoja na kujifunza Kijapani. Umekuwa ukiwalenga walimu wa umri wa chini ya miaka 35 waliokwisha fundisha miaka mitano. Aendaye ajue mapema kwamba huo hautoi shahada. Hutoa cheti cha kukamilisha mafunzo. Mtu asije akarejea Kapkatet akidai mshahara wa mwenye uzamili.

Marekani imekuwa na mpango wa Fulbright kwa walimu wa shule za upili wa nchi za nje, ambao huwapa takriban wiki sita katika chuo kikuu na muda wa kukaa katika shule za huko. Gharama hulipwa na serikali ya Marekani, kwa hiyo nafasi hutegemea bajeti yake; mwalimu athibitishe kwanza kama za mwaka huo zimetangazwa.

Kuna pia tuzo. Mwaka wa 2019, Peter Tabichi wa shule ya Keriko, Njoro, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani iliyotolewa Dubai. (Keriko, si Kericho; wako waliosherehekea huku kwa kuchanganya majina.) Lakini tuzo si mpango wa mafunzo, na hakuna awezaye kuipangia ratiba.

Kwa maoni yangu, nafasi iliyo karibu zaidi ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kutoka Kericho mjini hadi Busia, kupitia Kisumu, ni takriban kilomita 200, na Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho. Mbele kuna mashamba ya chai ya Fort Portal. Kutoka Sotik, barabara ya Kisii na Migori huishia Isebania, na ng'ambo yake ni Tarime, Tanzania. Mwalimu wa Kilimo anayetaka kulinganisha chai ya wakulima wadogo wa Bomet na ya Mufindi au Rungwe hahitaji viza.

Na mwalimu wa Kiswahili je? Huyu anafundisha wanafunzi ambao nyumbani huzungumza Kipsigis, naye mwenyewe pengine hajakaa wiki moja mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya jikoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Taifa na makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Chama cha CHAKAMA huandaa makongamano katika nchi za kanda hii. Mwalimu atakayewasilisha makala huko atarejea na cheti chenye jina lake na mada yake, ambacho ni ushahidi mzito kuliko picha za ufukweni.

Wakati na karatasi

Likizo ya Agosti huwavutia wengi, lakini shule nyingi za Ulaya hufungwa mwezi huo, na mgeni atakuta madarasa matupu. Tanzania huwa zimefunguliwa. Novemba ni mwezi bora kwa Ulaya na Uganda, ila ndio mwezi wa kusimamia na kusahihisha mitihani ya kitaifa, na mwalimu anayesafiri hukosa marupurupu hayo. Kwa mwenye ekari ya majani chai, bonasi ya KTDA hulipwa Oktoba. Wapo wanaopangia nauli hapo, wapo ambao karo huimeza kabla haijafika benki.

Kabla ya kuondoka, mwalimu aombe ruhusa kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu hadi ofisi ya mkurugenzi wa TSC katika kaunti, na aulize wazi iwapo safari itatambuliwa na kwa namna gani. Kama inahusisha shahada ya kigeni, aulizie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu.

Pia awe macho na fedha zake. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Kanada, ulioanza 2021, walijikuta wakiandamana Eldoret mwaka wa 2023 wakidai kurudishiwa fedha, na suala hilo likafika mahakamani. Ikiwa mpango wenye muhuri wa serikali uliweza kuwafikisha watu huko, wakala asiye na ofisi achunguzwe mara mbili.

Akiwa safarini, asidai tu cheti cha kuhudhuria. Kionyeshe idadi ya saa, tarehe, mada zilizofundishwa, jina la taasisi na sahihi ya mhusika. Akirudi, aandike ripoti ya kurasa chache, atayarishe andalio la somo kutokana na alichokiona, alifundishe mbele ya wenzake wa idara, na aweke nakala katika faili ya shule na katika TPAD.

Mwenyeji naye asisahauliwe. Wageni wakija Kericho au Bomet kwa ziara ya masomo, mwalimu mkuu anaweza kuwaomba, kabla hawajaondoka, barua inayotaja saa ambazo mwalimu wake alifundisha pamoja nao na kazi waliyoifanya. Barua hiyo haigharimu kitu, na chuo kilichowatuma kina mashine ya kuichapisha.