Zawadi ya Mkono: Kutoka Ukili wa Pwani Hadi Sebule za Abu Hamour



Kila Desemba 9 tunawasimulia watoto habari za mwaka 1961: bendera mpya iliyopanda usiku wa manane, na Luteni Alexander Nyirenda aliyeusimamisha Mwenge wa Uhuru juu ya Mlima Kilimanjaro. Hiyo ni historia ya taifa. Mwaka huu ninaomba nafasi niandike historia ndogo zaidi, ile inayokaa kabatini na chini ya vitanda vyetu: historia ya zawadi zilizotengenezwa kwa mkono. Watoto wetu hapa Abu Hamour wanajua zawadi inayotoka Dar Al Salam Mall, ikiwa na mfuko na risiti. Si vibaya. Lakini nyuma ya jina hilo linalofanana na la jiji letu kuna watu waliotoa zawadi kwa njia nyingine, na ni babu na bibi zao.

Mkindu na mtende

Tuanze na ukili. Mkindu huota penye unyevunyevu, mitoni na mabondeni. Majani yake, yaani ukindu, hukatwa yangali machanga, huanikwa, huchanwa, na mengine huchemshwa na rangi. Kisha husukwa kuwa utepe mrefu uitwao ukili. Utepe huo hushonwa, ukingo kwa ukingo, hadi upate mkeka, msala wa kuswalia, mkoba, au kawa la kufunikia chakula. Tanga nilikozaliwa, kama ilivyo Pemba na pwani yote, hii ilikuwa kazi ya alasiri. Akina mama walikaa kibarazani, mikono ikisuka na midomo ikizungumza.

Mkeka ulikuwa zawadi ya kila hatua ya maisha. Bibi harusi alitandikiwa mkeka mpya. Mtoto mchanga alilazwa juu ya mkeka. Marehemu naye alisindikizwa na mkeka. Aliyeletewa mkeka alijua kwamba mtu ameketi wiki kadhaa akimfikiria. Hakuna aliyeuliza bei, maana bei ilionekana kwenye msuko wenyewe.

Watoto, mkipita Souq Waqif tazameni vipepeo, vikapu na mikeka ya majani ya mtende. Msiseme, "Mbona kama ya bibi?" mkaishia hapo. Mtende na mkindu ni ndugu wa ukoo mmoja katika elimu ya mimea. Wataalamu wote wawili huwaita Phoenix. Akina bibi wa Ghuba na akina bibi wa Tanga walipewa jani linalokaribiana, nao wakalipa kazi inayokaribiana.

Kofia iliyochukua miezi

Zawadi ya pili ni kofia ya kutarizi, hasa ile ya bulibuli, nyeupe kwa uzi mweupe. Ina sehemu mbili: duara la juu na mkanda wa pembeni. Nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa, kisha sindano hupita mahali pamoja mara nyingi, ikizungushia uzi kila kitundu kidogo ili hewa ipite kichwani. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Ikimalizika hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa ili isimame.

Zanzibar na Lamu, mwanamke aliweza kumshonea mchumba wake au mumewe kofia. Katika jamii ambamo msichana hakuruhusiwa kusema mengi hadharani, kofia ilimsemea. Mwanamume aliyeivaa siku ya Idi alitembea mjini na miezi ya kazi ya mtu juu ya kichwa chake, na kila anayejua kusoma tundu aliisoma.

Hapa Doha tunawaona Waomani wakivaa kofia inayofanana sana na hiyo, wao wakiiita kumma. Hilo si jambo la bahati. Sayyid Said aliifanya Zanzibar kuwa makao ya utawala wake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Oman na Zanzibar zilitenganishwa rasmi mwaka 1861. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi za Kizanzibari zilihamia Oman. Walihama na Kiswahili chao, mapishi yao na sindano zao.

Tusiipambe historia kupita kiasi. Si kila kofia ilishonwa kwa mapenzi. Wengi walishona ili wauze wapate unga na mafuta, kwa kuwa mwanamke aliyekaa ndani hakuwa na njia nyingi za kipato. Mkono uleule ulijua kofia ya soko na kofia ya moyo. Tofauti ilikuwa ni nani ametajwa kichwani wakati sindano inaingia.

Mashine ilipokuja

Kanga nayo ina mwanzo wa mkono. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zenye nakshi, wakaunganisha sita kwa sindano, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Wafanyabiashara walipoona jambo hilo linapendwa, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa viwandani ng'ambo. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga zetu zikachapwa nyumbani.

Je, mashine iliua zawadi? Hapana. Wanawake waliihamisha kazi ya mkono kwenda kwenye kuchagua. Doti moja ilitafutwa duka kwa duka hadi lipatikane jina linalosema lile ambalo mtoaji angeshindwa kulitamka. Kisha ilikatwa na kupindwa kwa mkono.

Uhuru na kazi za mikono

Wazazi wenzangu mtakumbuka jambo lingine. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka huohuo. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya themanini na tisini tuliyakuta matunda yake: bustani ya shule, sayansi kimu, stadi za kazi, na siku ya kuleta fagio la chelewa au kikapu ulichosuka mwenyewe. Wengi tulisaidiwa na bibi usiku kucha, na mwalimu alijua. Lakini wazo lilikuwa kubwa: mtu huru ni yule ambaye mikono yake inajua kufanya kitu.

Nilipokwenda India kusomea shahada ya uuguzi, marehemu bibi alinipa mkoba wa ukili. Ulibeba vitabu vyangu miaka minne. Ukingo ulipofumuka niliushona mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha mshono huo nikiwa na miaka kumi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alinipa zawadi mbili, na iliyodumu ni ile ya pili.

Tufanye nini hapa?

Kazini ninaona wagonjwa wa mataifa mengi, wengi wakiwa mbali na kwao. Karibu na mto wa mgonjwa huwa kuna simu, na mara nyingi kuna kitu kimoja ambacho mtu alikitengeneza: tasbihi, kitambaa kilichofumwa, mchoro wa mtoto. Tunapopanga kitanda huwa tunaambiwa, "Dada, hicho usikisogeze."

Sisi tunatuma fedha nyumbani, na ni wajibu. Dawa za mama hazinunuliwi kwa mkeka. Lakini wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama yangu sasa ana zaidi ya miaka sabini na haoni tundu la sindano. Walio kama yeye wanapungua kila mwaka, na wakiondoka bila kufundisha, hakuna duka litakaloturudishia ujuzi wao.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Likizo ijayo, mtoto asiombe zawadi kwa bibi. Aombe somo, hata la kusuka ukili wa shubiri moja. Pili, kabla ya safari, kila mtoto atengeneze kitu kimoja kwa mkono wake kwa ajili ya wazee, hata kama kimepinda. Tatu, tukinunua kofia au mkeka kwa fundi, tusimpunguzie bei kama tunanunua plastiki. Tunalipia miezi ya maisha yake.

Wanangu, bendera mtaipeperusha leo na kesho itakunjwa. Kile mtakachojua kukifanya kwa mikono yenu mtakwenda nacho popote. Heri ya Uhuru. Mungu ibariki Tanzania.