Nani Mwenye Chombo? Ulaya na Mifumo Yake ya Setilaiti

Tarehe 5 Novemba 1971, roketi ya Europa II iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikalipuka kabla haijatimiza dakika tatu. Sehemu yake ya chini ilikuwa imeundwa Uingereza, ya kati Ufaransa, ya juu Ujerumani Magharibi. Kila serikali ilisimamia kipande chake na kuwalipa wakandarasi wake. ELDO, shirika lililoundwa kuunganisha kazi hiyo, lilikuwa na sauti ndogo mno kiwandani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwaka 1973 mradi ulifutwa bila roketi za Europa kufikisha setilaiti hata moja kwenye obiti.

Ariane, roketi iliyofuata, ilikwenda njia nyingine. Ufaransa ilibeba zaidi ya nusu ya gharama, na shirika lake la anga, CNES, likakabidhiwa usimamizi chini ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA), lililoanzishwa mwaka 1975. Desemba 24, 1979, Ariane ya kwanza iliruka salama kutoka Kourou hiyo hiyo.

Kwa hiyo, wanaodai kwamba Ulaya hukwama angani kwa uhaba wa wataalamu wanakosea. Wataalamu wamekuwapo tangu mwanzo. Kinachopungua ni mtu mmoja wa kuulizwa mambo yanapoharibika.

Galileo inalithibitisha hilo. Kupitia mradi huo, Umoja wa Ulaya ulitaka mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali ulio chini ya mamlaka ya kiraia, usiotegemea GPS ya jeshi la Marekani. Mpango wa awali ulikuwa wa ubia: kampuni binafsi zitoe sehemu kubwa ya fedha za kurusha setilaiti, kisha zirejeshe mtaji wao kwa kuuza huduma. Mazungumzo yakazama katika swali la nani atabeba hasara, kwa kuwa GPS ilikuwa tayari inatolewa bure. Mwaka 2007 ubia ulivunjika, Umoja ukauchukua mradi mzima kwa bajeti ya euro bilioni 3.4, baadhi yake zikitoka katika fungu la kilimo lililobaki bila kutumika. Setilaiti mbili za kwanza za kazi zilirushwa Oktoba 2011. Huduma zikaanza Desemba 2016.

Umiliki mmoja hauzuii kila ajali. Agosti 2014 setilaiti mbili za Galileo ziliachwa kwenye obiti isiyo sahihi, baada ya bomba la mafuta kuganda katika roketi iliyozibeba. Julai 2019 huduma zilikatika kwa karibu wiki nzima. Lakini mara zote mbili ilijulikana nani wa kurekebisha na nani wa kulipa.

Ndiyo maana mkataba wa IRIS², mtandao wa mawasiliano wa setilaiti zipatazo 290, unastahili kuchunguzwa kwa makini. Ulitiwa saini Desemba 2024 kati ya Tume ya Ulaya na muungano wa kampuni za setilaiti za SES, Eutelsat na Hispasat, kwa miaka 12 na gharama ya takriban euro bilioni 10.6, zaidi ya bilioni 4 zikitoka kwa kampuni. Mtindo wa ubia uliovunjika mwaka 2007 umerudi.

Watetezi wake husema kampuni zinalijua soko kuliko serikali, na hilo ni kweli. Hata hivyo, soko hilo tayari lina Starlink, mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Marekani. Nchi wanachama ziamue mapema nani atalipa gharama zikipanda au kampuni moja ikijitoa. Zisipoamua, mzigo huo utamwangukia mlipakodi wa Ulaya, kama ulivyomwangukia kwa Galileo.