Rasi ya Musandam

Majahazi ya zamani yaliyotoka Basra na Kuwait kuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi yalikuwa hayana njia ila kuipita rasi ya Musandam, ncha ya Omani iliyo kwenye mlango wa Hormuz. Mbele yake viko visiwa vidogo ambavyo mabaharia waliviita Salama na Binti zake; jina hilo halihitaji kufasiriwa kwa Mswahili.

Milima ya rasi hii ni mawe matupu, na mrefu wao, Jebel Harim, wapita mita 2,000. Wataalamu wa ardhi wameona kuwa ncha ile yazama polepole, kwa sababu Arabuni inasukumwa chini ya Uajemi. Kwa hiyo bahari imeingia mabondeni, na yaliyokuwa makorongo sasa ni hori ndefu zilizozungukwa na majabali.

Ndani ya hori moja kuna kisiwa ambacho mtu aweza kukizunguka kwa miguu kwa dakika chache. Vita vya Uhindi vya mwaka 1857 vilikuwa vimewaonyesha Waingereza hasara ya kungoja habari kwa majuma mengi. Mwaka 1864 wakalaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Gwadar mpaka Fao, na kituo kimoja wakakijenga hapo kisiwani, kwa kuwa maji yalikuwa shwari na wenyeji wa bara waliogopwa. Lakini majabali yale yaliyozuia mawimbi yalizuia na upepo pia, na joto la kiangazi likawa kama la tanuri. Mwaka 1868 kituo kikaachwa, na kazi ikahamishiwa ng'ambo ya pili. Zimebaki kuta tu.

Waliodumu ni Washihuh, ambao wanaume wao hutembea na kishoka chenye mpini mrefu mfano wa bakora. Mlimani walijenga nyumba iitwayo kwa Kiarabu nyumba ya kufuli: nusu yake imo ardhini, kuta zake ni mawe mazito, na mlango wake ni mdogo. Makasiki ya nafaka yaliwekwa kwanza, ndipo nyumba ikajengwa juu yake. Maana yalikuwa mapana kuliko mlango, na mwizi hakuweza kuyatoa. Wakati wa joto walifunga nyumba, wakashuka pwani kuvua na kuchuma tende. Mvua za baridi zikinyesha walirudi kupanda shayiri. (Nadhani wahandisi wa simu wangaliwauliza jambo hili kwanza, wangalijifunza mengi.)

Katika kijiji cha Kumzar, ambacho kwa muda mrefu hakikufikika ila kwa chombo, watu husema lugha yao wenyewe, iliyo ndugu ya Kiajemi na yenye maneno mengi ya Kiarabu. Nao pia, kiangazi kikiingia, hupakia watoto na mbuzi mashuani wakaenda Khasab kwenye mitende.